Imezaliwa hivi, au imegongwa?

Niliilaza chasisi ya gari la modeli juu ya kioo, nikagusa kona ya mbele kushoto kwa ncha ya kidole. Tik. Nikagusa ya nyuma kulia. Tik.

Kioo chenyewe ni kipande cha milimita 6, masalia ya dirisha niliyopewa na fundi aluminiamu wa mtaani kwetu, na ndicho kitu pekee mezani kwangu ninachokiamini kuwa kimenyooka. Kitu kilicholala sawasawa juu yake hakitoi sauti. Hiki kilikuwa kinagonga. Nikaisogeza taa nyuma ya chasisi, nikainama mpaka jicho likawa usawa wa kioo, na mwanga ukapenya chini ya kona mbili zilizokaa kimshazari huku zile nyingine mbili zikiwa zimetulia.

Kumbe haikupinda tu. Ilikuwa imesokotwa.

Gari ni Peugeot 404, ile ya Bert Shankland na Chris Rothwell wa Dar es Salaam, walioshinda mbio za magari za East African Safari mwaka 1966, wakarudi 1967 na kushinda tena. Wanaonifuata siku nyingi wanajua nimelisubiri gari hili kiasi gani, kwa hiyo hilo nalipita. Seti ya vipande vya kuunganisha ni ya resini, plastiki inayomiminwa ikiwa majimaji kisha ikaganda, kipimo cha 1/24, yaani vipimo vya gari la kweli vikigawanywa kwa 24, imemiminwa kwa mkono na fundi mmoja wa Ulaya ambaye simlaumu kwa lolote: ni kazi ya mtu mmoja, vipande vyembamba, safari ndefu ya posta. Resini hupinda. Ukimwona mtu anasema hajawahi kukutana na kipande cha resini kilichopinda, ujue amenunua seti moja tu maishani.

Kilichonisumbua wiki zote hizi ni kingine. Kutoka sanduku lilelile, vipande viwili vilivyopinda vilipata tiba ileile, maji yaleyale, usiku uleule. Kimoja kikapona. Kingine kikakubali, kikalala vizuri, kisha kikaanza kurudi kilikotoka kidogokidogo, kana kwamba sikuwahi kukigusa.

Kwa nini?

## Milimita moja na nusu

Kwenye 404 ya kweli, kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni milimita 2,650. Gawa kwa 24, unapata 110 na ushee. Kona iliyoinuka niliipima kwa kuingiza vipande vya karatasi ya plastiki chini yake kimoja baada ya kingine mpaka ikaacha kucheza, na jibu likawa milimita moja na nusu.

Mtu anaweza kuidharau. Lakini zidisha tena kwa 24: hizo ni milimita 36. Hilo ni gari lililoegeshwa mahali tambarare, tairi moja linaelea juu ya ardhi kiasi cha kupitisha vidole viwili.

Najua, najua. Picha za Safari zimejaa magari yenye tairi hewani. Ila hayo yalikuwa kwenye mwendo, na yakitua yalitua kwa miguu yote minne.

Wapo wanaomaliza jambo hili kwenye ekseli: unaweka wosha (kile kipete bapa cha skrubu) upande mmoja, unachonga upande wa pili, matairi yote yanagusa meza na maisha yanaendelea. Siwacheki. Kwa gari la kufungia kwenye kasha la kioo inatosha kabisa. Tatizo ni kwamba msokoto haujaondoka, umehamia juu. Ukija kuifunga chasisi kwenye bodi, upande mmoja wa chini ya milango unakaa na upande mwingine unaacha mwanya, na mwanya huo unauona hata ukiwa umesimama mlangoni. Mimi angalau nauona.

## Tiba ya wote

Tiba inajulikana. Unapasha maji, unatumbukiza kipande, kinalegea, unakinyoosha juu ya kitu bapa, unakitia maji ya baridi, kinakaza. Resini nyingi za kumimina zinazotumika kwenye seti hizi hulegea mahali fulani kati ya nyuzi 60 na 80 za Selsiasi, kwa hiyo maji wala hayahitaji kutokota. Mimi natumia kipimajoto cha jikoni na sufuria ambayo shemeji yenu ameshaifuta kwenye hesabu ya vyombo vya chakula. Alikuwa na haki. Vipande hivi huja vimepakwa dawa ya kuvitelezesha kutoka kwenye kalibu, na dawa hiyo si ya kuchanganya na maziwa ya watoto.

Bampa ya nyuma ilikuja na ncha moja imeinuka. Nikaiosha kwa sabuni ya vyombo, nikaitia kwenye maji ya nyuzi 70. Kulegea kwake unakuhisi vidoleni kabla ya kukuona kwa macho: kitu ambacho dakika moja nyuma kingekatika ukikilazimisha, sasa kinafuata kidole bila ubishi. Nikailaza juu ya kioo, nikaifunika kwa kioo kingine, nikamwagia maji ya barafu. Imekwisha. Mpaka leo imenyooka.

Chasisi nikaifanyia hivyohivyo, ila kwa kuwa ni kubwa niliibana kati ya vioo viwili kwa vibanio vya nguo na kuizamisha yote kwenye beseni la barafu. Asubuhi nikaigusa kona. Kimya. Nikagusa nyingine. Kimya. Nikanywa chai kwa furaha.

Siku mbili tatu baadaye, napita tu mezani, nikagusa kwa mazoea.

Tik.

Nikarudia kwa maji ya moto zaidi. Nikarudia kwa kuiacha kwenye vioo muda mrefu zaidi. Kila mara ilinyooka, na kila mara ilirudi, tena si kwa kuruka ghafla bali polepole, kwa namna ambayo huwezi kuikamata ikifanya. Nikauliza watu. Mmoja akasema rudia mpaka itii. Mwingine akasema ipindishe upande wa pili kupita kiasi ili ikirudi iishie katikati. Wa tatu akasema itupe, kata nyingine kwa karatasi ya plastiki.

Ushauri wote ulikuwa wa kuongeza: ongeza moto, ongeza uzito, ongeza muda. Na nilipokuwa nausikiliza nilijua kuna kitu hatujakiuliza, ila sikujua ni kipi.

## Gereji

Nilikipata kwa mtu ambaye hajawahi kushika modeli.

Nilikuwa nimepeleka gari la nyumbani kwa fundi bodi kunyooshwa fenda. Chasisi ilikuwa ndani ya bahasha kwenye begi, maana nikitoka pale nilikusudia kwenda kutafuta shaba. Fundi ni mtu mzima, amenyoosha magari ya mji huu tangu mimi niko shule ya msingi. Nikaitoa.

"Shikamoo, fundi. Naomba uniangalizie na hiki."

"Marahaba. Nini tena hiki, kijana wangu?"

Nikamweleza. Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko, hakikuja. Aliifuta mikono kwenye ovaroli, akaishika chasisi kwa vidole vya mikono miwili, akafumba jicho moja na kuitazama kwa urefu kutoka nyuma kwenda mbele, vilevile anavyotazama ubavu wa gari la mteja kabla ya kutaja bei.

"Hii imezaliwa hivi, au imegongwa?"

Nikamwambia sijui, imenifikia hivyo.

"Basi jua hilo kwanza. Iliyogongwa inakumbuka ilivyokuwa, wewe unaisaidia tu kurudi. Lakini hii kama imetoka kiwandani hivi, haina pa kurudi. Kila ukiilegeza itakuja hapahapa. Hapa ndipo kwao."

Akanirudishia, akaendelea na fenda.

Nikasahau hata kwenda kutafuta shaba.

## Kilichofungwa ndani ya kalibu

Fundi alikuwa anasema juu ya bati, na bati lina mambo yake. Lakini swali lake linaingia kwenye resini vizuri kuliko hata kwenye bati, na nadhani sababu yake ni hii.

Resini ya kumimina ni vimiminika viwili, polioli na isosianeti, vinavyochanganywa na kumwagwa kwenye kalibu ya silikoni. Baada ya dakika chache mchanganyiko unaanza kutoa joto wenyewe na kuganda. Kinachotokea ndani ni kwamba minyororo ya molekuli inashikana kila mahali inapokutana, mpaka kipande kizima kinakuwa kitu kimoja kilichofungamana. Ni sawa na jarife: unaweza kulivuta, kulikunja, kulirundika ufukweni, lakini fundo ziko palepale zilipofungwa, na ukilirudisha majini linafunguka kama lilivyosukwa.

Hapo ndipo resini inapoachana na plastiki ya kawaida ya seti za dukani, ile polistirini. Polistirini haina fundo hizo. Minyororo yake imelala tu bega kwa bega, ukiipasha inateleza, ikipoa inakaa ilipofika na kusahau ilikotoka. Wengi wetu tulijifunza kazi kwenye polistirini, tukabeba mazoea yetu kuja nayo huku. Maji ya moto kwenye resini hayafuti kumbukumbu. Yanailegeza tu ili isikike.

Sasa, fundo zinafungwa lini? Hili ndilo lililonikalisha macho. Sehemu nene ya kipande hutoa joto jingi, kwa hiyo hukauka haraka. Sehemu nyembamba haina joto la kutosha, inachelewa. Chasisi ya 404 yangu ina handaki nene la kupitisha shafti katikati, na pande zote mbili sakafu nyembamba kama milimita moja na kitu. Mmwagaji akiwa na haraka, akaigusa handaki na kuona imekuwa ngumu, anaichomoa kwenye kalibu huku sakafu bado mbichi. Inajisokota kidogo anapoivuta. Anaiweka rafuni. Na resini inaendelea kukomaa kwa siku kadhaa baada ya hapo, ikifunga fundo zake za mwisho ikiwa katika umbo lolote iliyowekwa.

Chasisi hiyo imezaliwa imesokotwa. Hakuna siku katika uhai wake ilipokuwa imenyooka.

Bampa ni habari nyingine. Ilitoka kwenye kalibu ikiwa sawa, ikakomaa ikiwa sawa, halafu ikabanwa kwenye kona ya sanduku chini ya uzito wa vipande vingine, ikapita kwenye maghala na magari ya posta yenye joto, ikakubali kuinama. Imegongwa, kwa lugha ya gereji. Na huenda nilipoinyoosha kwa kioo nilijisifu bure, kwa sababu maji peke yake yangeirudisha.

Huenda. Nilitaka kuona.

## Bila kuguswa

Bodi ilikuwa bado haijatibiwa. Nayo ilikuwa na kasoro: pande zake za chini, pale chini ya milango, zilikuwa zimebanwa kuelekea ndani katikati, kiasi kwamba ukiitazama kutoka juu gari lilikuwa na kiuno. 404 ina mambo mengi mazuri aliyoipa Pininfarina, lakini kiuno si mojawapo.

Nikapasha maji mpaka nyuzi 70, nikazima moto, nikaishusha bodi ikiwa imekaa kwenye kichujio cha chai kikubwa ili isiguse kitako cha sufuria. Mikono nikaiweka mfukoni. Hili la mikono mfukoni ndilo gumu kuliko yote.

Mwanzo hakuna kitu. Viputo vidogo vilijishika kwenye matundu ya taa za mbele, vikapanda. Kisha upande wa kushoto ukaanza kufunguka. Nilidhani ni mawimbi ya maji yanayonidanganya, nikashika rula juu ya sufuria, na kweli mwanya kati ya pande mbili ulikuwa unapanuka mbele ya macho yangu, bila kelele, bila kuguswa na mtu. Upande wa kulia ukafuata. Baada ya dakika kadhaa ikatulia. Nikainua kichujio, nikakishusha kwenye beseni la baridi, nikaweka bodi kwenye kioo.

Kimya pande zote.

Ndipo nikatia chasisi, ambayo wakati huo ilikuwa karibu imenyooka, kwa kuwa nilikuwa nimeibana upya siku iliyotangulia. Ilichukua chini ya dakika moja. Kona ya mbele kushoto ikajiinua, ya nyuma kulia ikaifuata, mpaka milimita moja na nusu yake ileile, ikasimama hapo. Nilikuwa naitazama ikienda kwao.

Tangu siku hiyo sifikirii tena maji ya moto kama tiba. Kwanza ni swali unalokiuliza kipande. Unakitia bila kukigusa, unakiacha kijieleze, na ukishajua jibu ndipo unaamua kama mkono wako unahitajika. Kikirudi sawa chenyewe, kazi imekwisha na hukuhitaji kibanio hata kimoja. Kisiporudi, acha kupoteza barafu.

(Neno la haraka kwa wageni: vioo vya plastiki vya gari usiviingize humo, vinaharibika, na utachelewa kujua. Vipande vya metali nyeupe navyo viache nje, havina cha kujibu kwenye maji.)

## Nyuzi 33

Lilibaki swali moja. Kama chasisi ilikuwa imekazwa na barafu, mbona ilirudi ikiwa imelala tu mezani, bila maji ya moto?

Nadhani ni kwa sababu ya mahali tunapoishi. Resini haina mpaka mkali kati ya kukaza na kulegea. Kadiri unavyosogelea joto lake la kulegea ndivyo inavyoanza kujinyoosha au kujikunja taratibu, kwa siku, kwa wiki. Na kama mchanganyiko haukuwa sawasawa au haukukomaa vizuri, joto hilo linashuka. Chumba cha Dar mwezi Februari kina nyuzi 33 kivulini, na meza yangu iko karibu na dirisha la magharibi, jua la alasiri linaipiga mpaka kioo kinakuwa cha moto kukigusa. Ndugu yetu wa Ulaya anayesema "nilibana, ikapoa, imekaa miaka" anasema kweli. Ya kwake imekaa kwenye chumba cha nyuzi 18.

Kwa hiyo mambo mengi tunayosoma kwa wenzetu wa kule inabidi tuyapitishe kwenye hali ya hewa yetu kwanza. Resini niliyoikaza kwa barafu hapa imekopa tu unyofu, na dirisha la magharibi litadai.

Ila joto hilohilo lina faida yake. Kipande ambacho hakijakomaa kabisa bado kina fundo za kufunga, na ukikipasha kwa muda mrefu kikiwa kimeshikiliwa pale unapotaka, zile zilizobaki zinafungwa katika umbo jipya. Wenye oveni nzuri hufanya hivyo kwa saa kadhaa kwenye nyuzi 60 hivi. Oveni ya kuaminika sina. Nina gari. Gari lililofungwa vioo na kuegeshwa juani hapa mjini linafika huko lenyewe mchana wa saa saba. Nikaibana chasisi kati ya vioo viwili, nikaiweka juu ya dashibodi na kipimajoto pembeni yake, nikaiacha ishinde huko, nikaitoa jioni, nikairudisha kesho yake.

Iliyotoka huko haikunyooka yote. Lakini nilipoitia tena kwenye maji ya moto bila kuigusa, ilirudi nusu ya njia tu, kisha ikasimama. Kwao kulikuwa kumesogea.

## 404 haina chasisi

Nusu iliyobaki ilinishughulisha kwa namna nyingine, na hapa nilichelewa kwa sababu nilikuwa naitazama chasisi peke yake.

Gari lenyewe la kweli halina chasisi. Peugeot walishaachana na fremu ya pekee kabla ya 404 kuzaliwa. Sakafu, pande za chini ya milango, nguzo na paa vimechomelewa kuwa kitu kimoja, na nguvu ya gari inatoka kwenye huko kushikana. Ukiikata sakafu ya 404 ya kweli na kuilaza peke yake juu ya sakafu ya gereji, nayo itacheza. Hakuna aliyewahi kuitegemea isimame yenyewe.

Mtengenezaji wa seti alivitenganisha vipande hivi kwa sababu za kalibu na urahisi wa kupaka rangi, akaviunganisha kwa skrubu mbili, moja mbele na moja nyuma. Skrubu mbili haziwezi kuzuia msokoto. Zinaukaribisha.

Basi nikaamua kuifunga chasisi kwenye bodi kwa urefu wote wa pande zake. Na papo hapo shaka ikaingia: nani atamshinda nani? Chasisi yenye ukaidi ikishikanishwa na bodi inaweza kuivuta bodi, na penye udhaifu kwenye bodi si pande za chini, ni nguzo nyembamba za kioo cha mbele. Ningeweza kuimaliza kazi, kupaka rangi, kisha miezi mitatu baadaye nikakuta ufa kwenye kona ya kioo. Nilikaa na shaka hiyo siku kadhaa bila kugusa kitu.

Nilichofanya mwishowe ni kuipunguzia chasisi ukaidi kabla ya kuikutanisha na bodi. Kwa fundi friji nilinunua fimbo mbili za shaba za kuchomelea, za milimita 2, zilizonyooka na za bei ya soda. Nikachonga mifereji miwili upande wa juu wa sakafu, ule unaofichwa na viti, kutoka mbele hadi nyuma. Kuchonga resini ni kwa msasa wa maji na kisu, kukiwa na unyevu muda wote, na barakoa usoni. Vumbi lake ukilivuta halina rafiki. Nikaibana chasisi kwenye kioo, nikalaza fimbo kwenye mifereji, nikajaza gundi ya epoksi.

Epoksi ile ya polepole, nasisitiza. Ile ya dakika tano ni tamu kuitumia, lakini nyingi ya aina hiyo hulegea kwa joto ambalo dashibodi ya gari inalifikia bila jasho, kwa hiyo utakuwa umeukabidhi mzigo kwa mlinzi anayelala mchana. Supaglu nayo inashika haraka ila haipendi kuvutwa kidogokidogo kwa muda mrefu, na hicho ndicho hasa chasisi hii inachokifanya.

Baada ya hapo nikaitia tena kwenye maji ya moto, kwa sababu sasa siwezi kujizuia. Ilijaribu. Niliona kona ikinyanyuka unene wa karatasi, ikaishia hapo.

Ndipo nikabandika vipande vya plastiki ndani ya pande za bodi kama kingo za kuegemea, nikaifunga chasisi kuanzia katikati kwenda nje, sentimita chache kwa wakati, nikisubiri kila sehemu ikauke kabla ya kusogea. Kuanzia katikati kunaupa msokoto uliobaki nafasi ya kugawanyika pande zote badala ya kukusanyika kwenye kona moja.

## Unyofu wa nini

Kuna mtu ameniuliza, na swali lake halikuwa la kijinga: gari la Safari unalinyooshea nini? Mwaka 1963 na tena 1968 magari 7 tu ndiyo yaliyomaliza mashindano yale, na miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff ndani ya 404. Magari yaliyorudi yalirudi yamebonyea. Milimita moja na nusu ya msokoto si ndiyo ukweli wenyewe?

Nimelifikiria sana kuliko alivyotarajia, na siafikiani naye. Gari lililobonyea lilibonyea mahali, na mahali pana sababu: bampa iliingia matopeni, ubavu ulikwaruza mwamba, fenda ilikutana na mnyama. Msokoto wa chasisi yangu hauna sababu hata moja ya barabara ya Afrika Mashariki. Ni habari ya kalibu iliyofunguliwa mapema. Nikiacha pale na kuiita uhalisia, nitakuwa nawapa Shankland na Rothwell ajali ambayo hawakuipata.

Nikija kupata picha nzuri ya gari lao likiwa kwenye mstari wa kumaliza, ikaonyesha fenda imebonyea, nitaibonyeza. Hapo na si kwingine.

Kwa sasa bodi na chasisi ni kitu kimoja, naviacha vipite wiki kadhaa za jua la dirisha la magharibi kabla ya praima, ile rangi ya msingi. Mstari wa fimbo ukijitokeza ndani nitaukwangua na kujaza upya; viti havijaingia bado. Na wale mnaoniulizia boneti ya Datsun 240Z, ile ya Shekhar Mehta aliyeshinda Safari ya 1973, iliyokaa kabatini kwangu kwa sababu katikati imetuna: nimeiosha leo jioni, maji yanapata moto, na sijaigusa. Jibu lake nitaliandika hapa likipatikana.